Babu na Bibi wa Misheni: Je, Ni Haki Kuwaacha Wajukuu?



Kuna swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni, ila kwa heshima hatuliulizi. Unamwona babu wa Kizungu na mkewe kanisani, wamevuka miaka 65, wanafuata Misa ya Kiswahili kwa kidole kwenye kitabu. Unaambiwa wamekuja kutumikia misheni na wamepanga nyumba Elerai. Unajiuliza: hivi hawa hawana watoto? Hawana wajukuu? Kwetu mzee akistaafu anarudi kijijini, anaangalia migomba yake, wajukuu wanamzunguka. Sasa hawa wamefunga nyumba yao, wamepanda ndege, wamekuja kukaa na watu wasiowajua. Ni upendo mkubwa, au ni kukimbia majukumu?

Leo tulichukue swali hilo bila kuogopa, maana si la wazee tu. Ni la kila mtu aliyewahi kuondoka nyumbani, na kwa Arusha hapa hao ni wengi sana.

Wanaokuja ni akina nani?

Tukisikia neno "mmisionari" wengi tunamfikiria padre mwenye ndevu ndefu, au sista wa zahanati. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya tarehe 7 Desemba 1965, ulitukumbusha kwamba Kanisa lote ni la kimisionari, walei wakiwamo. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, Edwina Gateley, mwalimu Mwingereza aliyekuwa amefundisha Uganda, alianzisha Volunteer Missionary Movement ili walei nao waweze kutumwa. Maryknoll, ambao mapadre wao walifika Musoma mwaka 1946, nao wana walei wamisionari: watu wasio na ndoa, familia zenye watoto, na wastaafu pia. Na kule Musoma, kando ya Ziwa Victoria, ipo Shule ya Lugha ya Makoko, ambako wamisionari wengi wamehangaishwa na ngeli za Kiswahili kabla ya kuanza kazi.

Wenzetu wa madhehebu mengine nao wanafanya hivyo. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa mfano, hutuma wanandoa wazee kwa muda wa kuanzia miezi 6 hadi 23, nao hujigharamia wenyewe.

Tena tusidhani kwamba mume na mke kwenda misheni ni jambo la kutoka Ulaya na Marekani tu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Walipokwenda kufungua misheni ya Mhonda, ndani ya bara, mwaka 1877, walifuatana na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo, watu waliokuwa wamekombolewa utumwani. Wale ndio waliolima, waliojenga, na ambao majirani waliwatazama ili kuona ndoa ya Kikristo inaishiwa vipi. Kwa hiyo katika nchi yetu wenyewe, Injili ilitembea kwa miguu ya wanandoa tangu zamani.

Siku moja Elerai

Tuwachukue basi baba na mama wa kufikirika, maana huwezi kulipima jambo kabla hujaliona. Siku yao inakuwaje?

Wanaamka alfajiri. Kama ni Juni au Julai, baridi ya Arusha inawashangaza, maana waliambiwa Afrika ni joto. Mlima Meru umejifunika ukungu, hauonekani kabisa. Wanakwenda Misa ya asubuhi taratibu, kwa sababu goti la babu halitaki haraka. Njiani kila mtoto wa shule anawaamkia "shikamoo", nao wanaitikia "marahaba" wakiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Halafu kazi. Bibi anakwenda sokoni, anauziwa nyanya kwa bei ya mgeni, anajua, anacheka, anajaribu kupunguziwa. Babu anasaidia hesabu za parokia, au anawafundisha vijana wawili watatu kompyuta. Mchana maji yamekatika, ndoo zinatafutwa. Jioni wanafuatana na mama wa jumuiya kumtembelea mgonjwa. Wanakaa. Hawaelewi nusu ya maongezi. Wanakunywa chai, wanasali Baba Yetu pamoja na wengine, wanaondoka.

Saa mbili usiku kwetu, mchana bado mbichi kwao Marekani, wanapiga simu ya video. Mjukuu anaonyesha jino lililong'oka. Picha inagandaganda, bando linaisha. Babu anabaki ameishika simu kidogo, kisha anazima taa.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, wako kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kwenye kiti cha plastiki, wakisikiliza Injili kwa lugha ambayo bado inawapiga chenga.

Ukihesabu matokeo, kijana, ni machache. Hawajajenga shule. Hawajachimba kisima. Na baadhi ya majirani wanasikitika kimyakimya, maana walitegemea mzungu akija anakuja na mradi, au walau na "sponsa". Siku nzima imekwenda kwa salamu, foleni, chai na sala. Wakati huohuo, huko walikotoka, mjukuu ameng'oka jino bila babu kuwepo.

Hapo ndipo swali letu linapouma.

Upande wa kuwalaumu una nguvu

Tusiwe wepesi wa kusema "wamemfuata Bwana, basi". Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bibi wa kwenye simu hawezi kumfunga mtoto kamba za viatu. Mjukuu akiugua usiku, anayehitajika ni mtu wa kumbeba.

Maandiko nayo hayako upande mmoja. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwa ukali kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani (1 Tim 5:8). Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 7:9-13, anawakemea wale waliotangaza mali yao kuwa "Korbani", yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Lisome taratibu eneo lile. Kosa la watu wale lilivaa kanzu ya ibada. Walimtumia Mungu kama mlango wa kutokea.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akaenda misheni na akawa anatenda dhambi. Kuna mtu anayekwenda kwa sababu amechoka na mtoto wake mlevi. Kuna anayekwenda kwa sababu wageni wanamshangilia, wakati nyumbani wanamjua tabia. Kumpenda mtu wa mbali ni rahisi: hakudai, hakukumbushi makosa ya miaka ishirini iliyopita. Watu wa kwako ndio wenye faili lako lote.

Lakini upande wa pili nao upo

Yesu huyohuyo, sura tatu mbele, anawaahidi mara mia wale walioacha nyumba, ndugu, wazazi na watoto kwa ajili yake na Injili (Mk 10:29-30). Abrahamu aliambiwa aondoke akiwa na miaka 75 (Mwa 12:4), na Sara alikuwa nyuma yake kwa miaka kumi tu. Mungu hakusema, "Ngoja nitafute kijana." Priskila na Akila, mume na mke mafundi wa mahema, wanaonekana Korintho, Efeso na Roma, wanampokea Paulo, wanamfundisha Apolo, na nyumba yao inakuwa kanisa. Agano Jipya linawataja mara sita, na mara zote sita wametajwa pamoja.

Je, Biblia inajipinga? Hapana. Mtazame Petro. Alisema wameacha vyote, na ni kweli. Lakini katika Marko 1:29-31 Yesu anaingia nyumbani kwake, anamponya mama mkwe wake aliyelala na homa. Na Paulo anatuambia kwamba Kefa, ndiye Petro, alisafiri na mkewe katika utume (1 Kor 9:5). Halafu mtazame Bwana pale msalabani. Yuko katikati ya kazi kubwa kuliko zote, kuukomboa ulimwengu. Na bado anatafuta pumzi ya kupanga mama yake atakaa kwa nani (Yn 19:26-27). Utume haukumfanya amsahau Mama Maria. Alimkabidhi kwa mtu, kwa jina, mbele ya macho yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilifikiria jambo hili kwa utulivu karne ya 13. Anasema upendo una mpangilio: walio karibu nasi kwa damu wana haki ya kwanza kwetu. Lakini anaongeza jambo ambalo watu hupenda kuliruka: uhitaji nao una haki yake. Mgeni aliye katika shida kubwa kabisa anaweza kutangulia mbele ya hata baba yako mzazi, ikiwa baba hana shida ya namna ile. Hakuna rula ya kupimia hesabu hiyo, anasema. Inabaki kwa busara ya mtu mwenye hekima.

Kwa hiyo swali "nani wangu?" lazima litembee pamoja na swali "nani ana shida?" Mjukuu mwenye wazazi wote wawili, afya, shule na chakula anamkosa babu, na kumkosa huko ni maumivu ya kweli. Lakini hajaachwa. Mtoto ambaye mama yake mgonjwa hana mwingine, babu akiondoka, huyo ameachwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mzee anayetaka kwenda misheni ana wajibu wa kujua mjukuu wake ni yupi kati ya hao.

Wito wa Céline ulisubiri

Kanisa Kuu la Arusha lina jina la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Wengi tunajua kwamba mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misheni pamoja na Fransisko Ksaveri, ingawa hakuwahi kufika nchi yoyote ya misheni. Kinachosahaulika ni kilichotokea nyumbani kwao.

Teresia aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwezi Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Baba yake, Louis Martin, mjane, alimruhusu. Mwaka uliofuata mzee yule aliugua akili, akalazwa katika hospitali ya Caen kwa zaidi ya miaka mitatu. Watu walisema. Unajua watu: walisema binti zake wa monasteri ndio waliomvunja moyo. Teresia hakuweza kutoka kwenda kumwuguza. Aliubeba msalaba ule ndani ya kuta.

Lakini nje ya kuta alikuwepo dada yake, Céline. Naye alikuwa na wito uleule wa Karmeli. Moyo wake ulikuwa ndani, mwili wake ukabaki nje, ukimlisha na kumtunza baba. Louis alifariki tarehe 29 Julai 1894. Mwezi Septemba mwaka huohuo Céline akaingia Karmeli.

Wito wa nani ulikuwa bora? Mimi naona ulikuwa wito mmoja uliobebwa na mikono miwili. Teresia aliweza kwenda kwa sababu kuna aliyebaki. Na Céline hakupoteza chochote kwa kusubiri, kwa sababu kumlisha baba mgonjwa kulikuwa tayari ni kumtumikia Yesu. Wazazi wao, Louis na Zélie, walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja namna hiyo.

Hapa ndipo nimefika na swali letu: Ni haki kwenda, kama ulichokitua chini kimeshikwa na mtu kwa hiari yake. Kama hakuna aliyekishika, wito wako unasema subiri. Na kusubiri nako ni utume.

Neno "kwa hiari" lina uzito. Wale wa Mhonda mwaka 1877 hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua; maisha yao yalikuwa mikononi mwa misheni. Tunawashukuru, lakini tusijidai kwamba walipewa uhuru ambao wengine wanao. Leo mume hawezi kumburuza mke misheni, wala mke mume. Dada anayebaki kumwangalia mama lazima aulizwe, siyo kuarifiwa. Sadaka unayoitoa kutoka mfukoni mwa mwingine bila ruhusa yake si sadaka.

Wanatupa nini basi?

Unaweza kusema: sawa, wamepanga mambo yao vizuri, wajukuu wana wazazi, wote wawili wamekubaliana. Lakini kwa chai na salamu tu, safari yote hiyo ya nini?

Fikiri hivi. Siku bibi anapougua malaria, anayempeleka hospitali ni kijana wa bodaboda wa pale kona. Anayempikia uji ni jirani. Anayemwombea ni jumuiya nzima. Mmisionari kijana anakuja na nguvu, na tunabaki tukimtazama akifanya. Mmisionari mzee anakuja na goti bovu, na inabidi tumfanyie. Anatugeuza sisi kuwa watoaji. Wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yesu alipowatuma wafuasi wake aliwaambia wasibebe mkoba, wale watakachoandaliwa (Lk 10:4-8). Aliwatuma wakiwa wahitaji kwa makusudi.

Na kitu kingine wanachotupa ni kuonekana tu. Vijana tunaona harusi nyingi, tunaona sendofu, shela na keki ya ghorofa nne. Ndoa ya miaka arobaini ikishikana mkono kuvuka barabara ya vumbi, hiyo tunaiona mara chache. Babu anayemsubiri bibi apumzike nusu ya mlima bila kunung'unika amehubiri tayari.

Sasa turudi kwetu

Elerai imejaa watu waliotoka kwingine: Rombo, Kilema, Karatu, Singida, Kondoa. Kijana akipata kazi Dar au Dubai tunamfanyia sherehe, hakuna anayemwuliza, "Na bibi unamwachia nani?" Tunawauliza wazee wa misheni swali ambalo sisi wenyewe hatujalijibu.

Inawezekana kila asubuhi unampa shikamoo ya heshima babu mgeni, na babu yako mwenyewe ana miezi mitatu hajasikia sauti yako. Unatuma elfu kumi kwa simu, na ujumbe wa muamala ndio barua. Hiyo ni Korbani ya kizazi chetu. Safari hii sababu haiitwi hekalu, inaitwa "niko bize natafuta maisha".

Papa Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Ana. Usingoje Julai. Wiki hii fanya mambo mawili.

Kwanza, mpigie mzee wako. Usimpe habari zako tu, mwulize: "Babu, Mungu anakuomba ufanye nini sasa hivi?" Utashangaa. Tumezoea kuwaona wazee wetu kama watu waliomaliza, wanaosubiri. Lakini bibi anayesali rozari kijijini, anayesuluhisha ugomvi wa shamba, anayelea watoto wa binti yake aliye mjini, yuko misheni bila kupanda ndege. Penye wazee haliharibiki neno.

Pili, kama wewe mwenyewe unahisi wito wa kwenda mbali, iwe utawa, upadre, kujitolea au kazi, kaa mbele ya Ekaristi na ujiulize kwa ukweli: nikiondoka, natua nini chini? Nani amekubali kukishika? Ninakwenda kwa mtu, au ninamkimbia mtu? Kama majibu ni safi, nenda bila hofu. Kama bado, usikate tamaa. Mkumbuke Céline.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemkumbuka Mama yako ukiwa msalabani, wabariki wazee walioacha nyumba zao ili kukutumikia kati yetu, na wajukuu wanaowakosa. Wabariki waliobaki ili wengine waende. Tupe sisi vijana moyo wa kuwapenda walio mbali bila kuwasahau walio karibu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee. Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee. Amina.